Bibi Harusi wa Corvela

Iria Lestón alikuwa na sauti ya kusimulia, na hiyo sauti ndiyo iliyomponza.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, na aliposhika kipaza sauti cha basi wageni waliacha simu zao wakatega masikio. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwatembeza watalii pwani ya Galicia, kila Jumamosi njia ileile: kutoka A Coruña asubuhi, fukwe mbili za mchanga mweupe, maghala ya mawe yaliyosimama juu ya nguzo zake kama majeneza yanayosubiri wabebaji, chakula cha mchana cha pweza na divai nyeupe, halafu rasi ya Corvela, halafu mnara wa taa, halafu safari ya kurudi.

Corvela hapakuwa na kitu. Genge, majani yaliyolazwa na upepo, uzio wa waya, na chini kabisa miamba myeusi inayopigwa na bahari. Kampuni iliweka kituo pale kwa sababu basi lilipata nafasi ya kugeuza. Miaka minane nyuma, siku ya ukungu ambayo wageni hawakuiona hata bahari yenyewe, Iria aliwaona wanapiga miayo, wengine wameshaanza kurudi kwenye basi, akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni: "Hapa alijirusha msichana."

Alikuwa amesikia kwenye baa ya kijijini kwamba kuna msichana aliyefia pale zamani. Zaidi ya hapo hakujua, wala hakuuliza. Mengine aliyatunga hapohapo amesimama: gauni jeupe, mchumba aliyekimbilia Argentina na meli siku ya harusi, shela iliyonasa kwenye mwamba ikapepea siku tatu. Alipomaliza, mama mmoja wa Zaragoza alikuwa analia ndani ya kitambaa.

Jumamosi iliyofuata wageni wenyewe waliuliza: yule bibi harusi yuko wapi? Haukupita mwaka, kampuni ikamchora kwenye vipeperushi vyake. Watu wakaanza kufunga tepe nyeupe kwenye uzio. Baa ya kijijini ikauza divai yenye picha yake kwenye chupa. Halafu wageni wakaanza kumwona: kitu cheupe ndani ya ukungu, kinapanda, kinashuka, kinatoweka. Walimwonyesha Iria picha walizopiga, naye akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayejua zaidi ya anavyosema.

Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona. Ila tangu baridi ya mwaka jana alikuwa anasikia.

Ilikuja palepale, kwenye kile kimya alichokiacha makusudi baada ya sentensi ya mwisho. Chuma juu ya jiwe. Kra, kra, kisha kraaa ndefu. Kimya. Tena kra, kra, kraaa. Pamoja nayo ilikuja harufu nzito ya mwani mbichi, kana kwamba mtu aliyelowa chapachapa amesimama nyuma ya bega lake. Mara ya kwanza alidhani ni watu wa kijijini wako kazini. Akachungulia. Maji yalikuwa yamejaa mpaka juu ya miamba. Hapakuwa na mahali pa binadamu kuweka mguu. Kufikia mara ya tano alikuwa ameacha kuchungulia. Na kilichomnyima usingizi zaidi ni kile chuma. Katika hadithi yake hapakuwa na chuma. Kulikuwa na gauni, shela na meli. Chuma kilitoka wapi?

Hakumwambia mtu. Hata Baldomero, dereva wake, ambaye yeye alimweleza Iria kila jambo la maisha yake mpaka habari za bawasiri, hakuambiwa.

Jumamosi moja ya Oktoba alipanda basi pale A Coruña bibi mmoja aliyevaa nyeusi tupu, peke yake, mkoba mapajani. Kwenye orodha jina lake lilikuwa Dosinda Vilar. Alichagua kiti cha nyuma ya dereva, akaketi wima kama yuko kanisani.

"Huyu bibi kaushika huo mkoba utadhani kuna bastola ndani," Baldomero alinong'ona.

"Nyamaza, Baldo. Anasikia."

"Akisikia ndiyo vizuri. Mimi napenda wanawake wenye silaha."

Bibi hakucheka. Kwenye ufukwe wa kwanza wageni walivua viatu wakakimbilia mchangani. Yeye alibaki ndani ya basi.

"Bibi, hushuki?" Iria alimuuliza. "Mchanga leo ni mzuri sana."

"Mchanga naujua, mwanangu. Shuka wewe."

Mchana, kwenye mkahawa wa bandarini, waliletewa pweza kwenye sahani za mbao, amenyunyizwa chumvi ya mawe na pilipili nyekundu, na divai baridi. Kisha ikaja sahani kubwa ya persebe zinazofuka moshi, vile viumbe vya baharini kama vidole vyeusi vyenye kucha, vinavyobanduliwa kwenye miamba mawimbi yanaporudi nyuma. Bwana mmoja mnene kutoka Valladolid alikinyonya kimoja mpaka maji yakamtiririka kidevuni.

"Ana sura mbaya kama mama mkwe wangu," alitangaza, "lakini huyu angalau ni mtamu!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Dosinda aliisukuma sahani kwa kidole kimoja mpaka ikafika kwa jirani yake.

"Huzipendi, bibi?" aliuliza Iria, ambaye alikuwa ameketi upande wa pili.

"Sijazila tangu mwaka tisini na nane." Bibi alimgeukia. "Na wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Lugo."

"Bara."

"Ndiyo, bibi, bara. Imejulikanaje?"

"Unaipa bahari mgongo," Dosinda alisema. "Tangu asubuhi, kila unaposimama kuzungumza. Sisi huku hatufanyi hivyo."

Hakusema kwa ubaya, lakini Iria alihisi baridi imemgusa kwenye uti wa mgongo. Akaisingizia divai.

Corvela waliikuta na ukungu. Wageni walishuka na makoti yao, wakajipanga kwenye uzio wenye tepe nyeupe, nyingine mpya, nyingine zimegeuka rangi ya mifupa. Safari hii Dosinda alishuka pia. Baldomero alimpa mkono, naye akaenda kusimama pembeni, palipokuwa na pengo kwenye uzio, mahali ambapo mgeni hawezi kupatambua.

Iria akaanza. Alisimulia kama anavyosimulia siku zote, na labda vizuri zaidi, maana ukungu ulimsaidia. Meli ikaondoka. Shela ikapepea. Msichana akatembea mpaka ukingoni, hakuangalia nyuma. "Na wapo wanaosema," alimalizia, sauti imeshuka, "kwamba bado anasubiri."

Kimya. Akajikaza kungojea chuma.

Badala yake ilikuja sauti ya Dosinda.

"Aliitwa nani?"

"Jina lake limesahaulika, bibi."

"Limesahauliwa na nani?"

"Na watu. Ni zamani."

"Watu gani hao? Mimi sijalisahau. Aliitwa Noela. Noela Canosa Vilar, na mimi ndiye niliyemzaa."

Bwana wa Valladolid akapiga makofi. "Aisee! Kumbe mna mpaka mwigizaji! Safi sana, bibi, umenisisimua!" Wengine wawili wakaanza kupiga makofi naye, wakiangaliana kwa wasiwasi. Dosinda akawageukia, akawatazama mpaka mikono yao ikakwama hewani.

"Hakuwa na gauni jeupe," alisema, sasa akiwaambia wote. "Alikuwa na suti ya mpira ya baba yake ya kuingilia baharini, imekatwa miguu kwa sababu ilikuwa ndefu. Hakuwa na mchumba, alikuwa hana habari na wanaume, alitaka pikipiki. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alishuka pale chini kubandua persebe kama hizo mlizokula leo, na kamba niliishika mimi. Hapa." Alinyoosha viganja. Vilikuwa na makovu mawili meupe, yamekatiza kutoka upande hadi upande. "Mawimbi tulikuwa tunayahesabu. Ukiyahesabu unajua lini makubwa yanakuja, unavuta. Siku hiyo nilihesabu vibaya. Kamba ilivutwa mikononi mwangu, halafu ikarudi nyepesi. Basi. Hakuna mtu aliyejirusha hapa."

Hakuwa analia. Mama mmoja miongoni mwa wageni ndiye aliyelia, na mumewe akamshika bega akamrudisha kwenye basi. Wengine wakafuata mmoja mmoja, bila kuambiwa. Bwana wa Valladolid alipita mbele ya Dosinda ameshika kofia mkononi, uso umemwiva.

Iria alibaki amesimama.

"Wapeleke kwenye mnara," alimwambia Baldomero. "Utanipitia ukirudi."

"Dada, ofisini watasemaje? Mimi nitawaeleza nini hawa?"

"Usiwaeleze kitu. Baldo, tafadhali, nenda."

Basi lilipomezwa na ukungu walibaki wawili.

"Bibi, sikujua," Iria alisema.

"Hukuuliza. Nyumba yangu ile pale, yenye mlango wa kijani. Miaka minane basi lako linapita mbele ya dirisha langu kila Jumamosi. Leo nimeamka kabla ya jogoo, nimepanda basi la kwenda mjini, ili nipande lako linirudishe kwetu. Nilitaka niisikie hiyo hadithi mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nisamehe."

"Ngoja. Hujasikia yote." Dosinda alikaa juu ya jiwe, akaweka mkoba miguuni. "Mume wangu, Evaristo, alikuwa anajua mwanawe alivyokufa. Aliutafuta mwili wake na mashua siku kumi na moja, hakuupata. Lakini mwisho wake akili zilimtoka. Akawa anakaa barazani anasikiliza wageni wako wakipita wanaulizia bibi harusi, na pale baa chupa zina picha, na vijana wanasimulia. Ikamwingia. Siku moja akaniuliza, 'Dosinda, ni nani yule mwanamume aliyemwacha mwanetu?' Nikamwambia hakuna mwanamume, Evaristo, lilikuwa wimbi. Akaniambia namficha. Miezi saba alimtafuta huyo mtu. Aliwauliza majirani, aliandika barua Argentina. Alikufa amekunja ngumi, anamtukana mtu ambaye wewe ulimtunga."

Iria aliketi chini kwenye majani yenye maji. Hakufunika uso. Aliona kufunika uso kungekuwa kujionea huruma, na hiyo siku hakuwa na haki ya huruma ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe.

"Sikuja kukugombeza," Dosinda alisema. "Kukugombeza ningeweza kukugombeza dirishani. Nimekuja kukuuliza jambo moja." Kwa mara ya kwanza siku nzima sauti ilimtetemeka. "Wageni wako wanasema wanamwona. Ni kweli? Maana mimi nimekaa hapa miaka ishirini na sita, nimesimama hapa kwa mvua na kwa jua, na sijamwona hata mara moja. Nikajiuliza, mbona awaendee wageni asinijie mimi? Au kwa sababu ya ile kamba?"

Iria angeweza kutoa jibu zuri. Alikuwa nalo tayari, lilimjia lenyewe, lenye sauti na mapozi yake. Akaliacha lipite.

"Hawamwoni, bibi. Wanaona ukungu. Mimi ndiye niliyewaambia waone."

Dosinda aliinamisha kichwa. Alibaki hivyo, mdogo ndani ya nguo zake nyeusi, na Iria aliona jinsi bibi huyu alivyokuwa ametembea siku nzima akibeba tumaini moja tu, nalo limeanguka.

"Lakini nasikia," Iria alisema. Neno lilimtoka kabla hajalipima.

"Unasikia nini?"

"Sijui. Tangu mwaka jana. Nikimaliza kusimulia. Ni kama chuma juu ya jiwe."

Kichwa kikainuka. "Chuma kinaliaje?"

Iria aliokota jiwe bapa, akalikwaruza juu ya jingine. Mbili fupi, moja ndefu. Akanyamaza. Mbili fupi, moja ndefu.

Dosinda alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu isiyolingana na umri wake. "Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna, bibi. Ndivyo ninavyosikia."

"Ni chuma cha kubandulia persebe. Mbili za kulegeza, moja ya kubandua," bibi alinong'ona. "Kijiji kizima hupiga moja ya nguvu. Mama yangu ndiye aliyekuwa akifanya hivyo, akanifundisha mimi, nami nikamfundisha Noela. Na baada yake hakuna." Alitazama chini, kwenye weupe ambamo bahari ilikuwa inavuta pumzi bila kuonekana. "Basi yuko kazini. Mtoto wa watu yuko kazini mpaka leo, na sisi tumemvalisha gauni la harusi."

Walikaa. Dosinda aliomba wakae, na Iria asingethubutu kukataa. Bibi alitega sikio upande mmoja, kisha mwingine, akavua hata kile kitambaa cha kichwani. Upepo ulikuwa umekufa. Maji yalikuwa yanakupwa, yakiguguna na kumeza kwenye mapango ya chini. Ndege mmoja alilia, akaacha.

"Sisikii," Dosinda alisema baada ya muda mrefu. "Masikio yangu yamezeeka. Nisikilizie wewe. Anapiga?"

Iria alisikiliza kwa mwili wake wote. Alifumba macho. Alimsihi, ndani kwa ndani, msichana ambaye jina lake alikuwa amelijua kwa saa moja tu: piga, Noela, piga hata mara moja, mama yako yuko hapa. Hakukuwa na chuma. Hakukuwa na harufu. Mkono wa bibi ulikuwa bado umeshika kifundo chake, na kupitia ule mkono alihisi jinsi mtu mzima anavyotetemeka kwa kungoja. Neno moja tu lilihitajika. "Ndiyo." Alikuwa amewapa wageni elfu kadhaa uongo mkubwa zaidi ya huo, na kwa sababu ndogo zaidi.

"Hapana, bibi," alisema. "Leo sisikii kitu."

Mkono ukalegea. Iria akangoja kilio au matusi. Dosinda alishusha pumzi ndefu, akafunga kitambaa chake, akapiga fundo chini ya kidevu.

"Vizuri," alisema. "Sasa najua kwamba kuhusu kile chuma hukunidanganya."

Baldomero alipowakuta, walikuwa wanang'oa tepe kwenye uzio na kuzijaza ndani ya mkoba. Hakuuliza. Aliegesha basi, akashuka, akawasaidia. Kisha mgeni mmoja akashuka, na mwingine, na mwisho bwana wa Valladolid, ambaye vidole vyake vinene vilishindwa na mafundo mpaka akatumia meno.

Jumamosi iliyofuata Iria alisimama Corvela akasimulia habari za Noela: suti ya mpira, pikipiki, kuhesabu mawimbi. Kwa idhini ya Dosinda alisema pia nani aliyeshika kamba. Wageni walisikiliza, wengine wakakasirika. Walikuwa wamelipia bibi harusi. Baada ya majuma matatu msimamizi alimwita ofisini.

"Iria, mama, watu wako likizo," alimwambia. "Huwezi kuwapa watu ajali ya kazini baada ya chakula. Rudisha lile gauni."

"Hakuwa na gauni."

"Najua hakuwa nalo! Nani anasema alikuwa nalo? Ni hadithi."

"Basi mtafute mwingine wa kuisimulia."

Walimpata. Iria alihamishiwa njia ya kusini, kwenye mashamba ya mizabibu na makanisa, na kijana mwenye sauti nzuri akachukua Jumamosi zake. Tepe zilirudi kwenye uzio. Chupa zipo mpaka leo. Iria aligundua kwamba alichokianzisha kwa dakika tano za ukungu hakina tena mwenyewe wa kukizima, na siku nyingine wazo hilo humwamsha na kumkalisha kitandani.

Hata hivyo, kila baada ya majuma mawili huendesha gari lake mpaka kwenye mlango wa kijani. Dosinda humpikia supu ya mboga za majani na viazi, wakala, wakabishana juu ya siasa na bei ya samaki, kisha wakavaa makoti kwenda kwenye genge. Kuna siku Iria husikia na kusema amesikia. Siku nyingi hasikii, na husema hivyo pia. Mara moja tu, mwezi wa Februari, harufu ya mwani ilikuja nzito kiasi kwamba Dosinda mwenyewe aligeuka ghafla na kusema, "Mwanangu, utapata homa," kwa sauti ya mtu asiyemsemesha Iria. Hawakulizungumzia tena.

Padri wa kijiji aliwaruhusu kuweka kibao kidogo cha bati kwenye jiwe, pale penye pengo la uzio. Kimeandikwa jina lote, na mwaka, na chini yake: mbandua persebe. Herufi Iria aliziandika kwa mkono, rangi nyeusi ya mashua. Haidumu. Kabla ya mwaka kwisha chumvi huwa imekwisha kuila, na yeye hupiga magoti na kopo lake na brashi, Dosinda amesimama pembeni akimwonyesha mahali herufi zilipopinda.